Wasifu wa Jenerali Uliosomwa Flemingdon Park

Katika kamati yetu ya misiba mimi ni katibu, maana yake mimi ndiye ninayeandika wasifu wa marehemu. Wenzangu wana kazi za maana zaidi. Wapo wanaojua kupata ukumbi kwa muda mfupi, wapo wanaoweza kupika pilau ya umati kwenye jiko la ghorofani bila kuamsha king'ora cha moshi. Mimi napewa maelezo na familia inayolia, naambiwa niandike. Nimeshawaandikia wauguzi, madereva wa malori, mchungaji mmoja, na mtu mmoja aliyekuwa akinidharau waziwazi alipokuwa hai. Wote nimewapitisha njia ileile: kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, kuugua, kifo, waliobaki. Wenyeji wa hapa Kanada hawasemi mtu aliugua nini. Kwetu usiposema, watu wanakaa msibani wakiulizana, na majibu wanayopeana huwa mabaya kuliko ugonjwa wenyewe.

Sikutegemea kwamba siku moja ningeandika wasifu wa jenerali wa jeshi la Marekani.

Jenerali mwenyewe sikuwahi kumwona. Alikuwa kaka wa Baba Mdogo, na Baba Mdogo ni Mzungu. Nalisema mapema ili msomaji asipate tabu. Aliingia Toronto akiwa kijana, akikimbia kuandikishwa jeshini kwa lazima wakati wa vita vya Vietnam, kama walivyokimbia vijana wengi wa Kimarekani wa rika lake. Baadaye alikuja Tanzania kufundisha hesabu, akamwoa mdogo wake mama yangu, wakarudi Toronto pamoja. Kwa hiyo ni baba yangu mdogo, na sina jina jingine la kumwita. Mama Mdogo alipofariki alibaki peke yake kwenye nyumba yao mtaa wa Flemingdon Park, ghorofa ya juu, upande unaotazama bonde la mto Don, kanga zote za mkewe zikiwa bado kabatini. Kiswahili chake ni safi kuliko changu, na anapokasirika kinazidi kuwa safi.

Kwamba ana kaka jenerali tulijua wote, ila tulijua nusu. Ukimuuliza, alikuwa akijibu kwamba kaka yake alibaki na jeshi, yeye akabaki na hesabu, kisha anakuuliza habari za watoto. Nusu iliyobaki watu waliijaza wenyewe. Mmoja alipigana, mwingine alikimbia, kwa hiyo hawapikiki chungu kimoja. Nami niliamini hivyo. Mama Mdogo, ambaye hakuwa mtu wa kuficha mambo, kwa hilo tu alikuwa akisema kwamba mambo ya ndugu wawili waachiwe ndugu wawili.

Jumatano moja ya Oktoba alinipigia simu kazini, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. Akasema kaka yake amefariki. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayekuelekeza basi la kupanda. Niliomba ruhusa, nikalivuka jiji zima kwenda kwake, na nilipofika nikakuta ameshachemsha chai. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanionyesha kiti.

Alipigiwa simu na mwanamke, akaniambia, binti wa marehemu. Yule binti alikuwa amelipata jina lake kwenye tangazo la kifo cha Mama Mdogo, ambalo kanisa letu lililiacha kwenye mtandao. Mazishi yangekuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, katika mji mdogo walikozaliwa, ng'ambo ya mpaka, mbele kidogo ya Buffalo, pembeni ya makaburi ya wazazi wao. Alikuwa amemwekea kiti safu ya mbele.

"Ameniambia baba yake alikuwa akisema siku zote kwamba ana mdogo wake, ila hajui alipo," alisema Baba Mdogo.

Nilihamaki. Mtu amekuwa na maelfu ya askari chini yake, na mitambo ya kutazama dunia kutoka angani, halafu asijue ndugu yake alipo, mwendo wa asubuhi moja kwa gari. Nililisema hilo kwa sauti. Baba Mdogo akawa anakoroga chai ambayo hakuitia sukari.

"Sitakwenda," alisema.

Nikamwuliza kwa nini. Akasema itakuwa afadhali kwa marehemu. Nilidhani hiyo ni kejeli, nikakasirika zaidi, maana mimi kwenye misiba sina mzaha. Kwetu mtu anaweza kununiana na ndugu yake miaka nenda miaka rudi, lakini siku ya kaburi anakwenda, anachukua udongo, anautupa. Hapo hata mahasimu wanakutana. Asiyekwenda anabakiwa na jambo ambalo hana tena pa kulipeleka. Nilimweleza yote hayo. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanifungia maandazi niliyoshindwa kuyamaliza.

Jioni ile nilimpigia mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti wetu alikuwa sajini jeshini nyumbani. Hapa ni mlinzi kwenye jengo la ofisi, na buti zake zinang'aa kuliko za walinzi wote wa jiji hili. Swali lake la kwanza lilikuwa marehemu alikuwa na nyota ngapi. Nikamwambia tatu. Akasema, "Luteni jenerali," na mkewe aliniambia baadaye kwamba alisimama alipokuwa akilisema. Akaamua palepale. Kaka wa shemeji yetu amefariki, mfiwa yuko kwetu, basi msiba ni wetu. Jumamosi tutakwenda kukaa naye.

Hakuna aliyemwuliza mfiwa. Aliyeliona hilo ni binti yangu peke yake, aliyezaliwa hapa, anayesikia Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza.

"Mama, did anyone ask him?" aliniuliza.

Nikamwambia kwetu mfiwa haombwi ruhusa, watu wanakwenda tu. Akanitazama kama ninayevunja sheria fulani ya nchi, kisha akachukua koti akaenda kununua vitunguu. Namshukuru kwa vile vitunguu.

Kuuandika ule wasifu hakukunisumbua. Kwa mara ya kwanza sikuhitaji kumbembeleza mtu yeyote anitajie mwaka wa shule ya msingi. Maisha ya jenerali yalikuwa yamepangwa mtandaoni kwa sentensi zilizonyooka, kazi juu ya kazi. Baba yake alikuwa na duka la misumari na mbao. Yeye akaenda chuo cha kijeshi, akapelekwa vitani akiwa luteni, akarudi, akapelekwa tena akiwa kapteni, akajeruhiwa paja. Baadaye aliongoza kikosi huko Ujerumani, kisha brigedi, kisha divisheni, na katikati ya vyeo hivyo alikuwa akirudi kufundisha maofisa vijana. Alifahamika kwa somo moja alilolirudia kila mwaka, kwamba ofisa anayemdanganya mkubwa wake ameshaua askari, hata kama bado hawajafa. Alipokuwa na nyota tatu aliitwa mbele ya kamati ya bunge lao, akaulizwa kama wanajeshi wako tayari kwa kazi waliyotumwa. Wakubwa wake walitaka aseme ndiyo. Akasema hapana, akaeleza kwa nini. Nyota ya nne haikuja. Alistaafu, akarudi mji wake, akalima matufaa. Chuoni bado wana mhadhara wa kila mwaka wenye jina lake, kuhusu kusema kweli.

Nikiri kwamba nilianza kumpenda, na sikutaka. Lakini niliyatafuta mambo mawili sikuyaona. Hawakutaja aliugua nini, na hawakumtaja mdogo wake. Waliandika tu kwamba ameacha binti mmoja na wajukuu. La ugonjwa niliacha nafasi, familia wajaze wenyewe siku ile, kama tufanyavyo. La pili nililijaza mimi. Niliandika: "na mdogo wake mmoja, mkazi wa Toronto." Niliandika hivyo kwa sababu ndivyo wasifu unavyoandikwa, na kwa sababu nilikuwa na hasira na watu wote wawili.

Jumamosi mchana tuliuchukua ukumbi wa wapangaji wa jengo lake, ule wa chini karibu na chumba cha kufulia. Akina mama waliweka mapazia ya kanga kwenye madirisha. Sufuria zilipangwa juu ya meza ya kuchezea mpira wa meza. Kwenye meza ndogo, juu ya kitambaa cheupe, mwenyekiti aliweka picha kubwa ya jenerali akiwa na sare na medali zake, na maua pembeni, kisha akasimama karibu nayo kama aliyepangiwa zamu. Msimamizi wa jengo alimpigia Baba Mdogo simu, akamwambia ana wageni.

Alishuka na kandambili na sweta aliyofumiwa na Mama Mdogo. Akasimama mlangoni. Aliitazama ile picha kwa muda mrefu, na nikajua kwamba hakuwahi kumwona kaka yake akiwa na umri ule. Nilidhani atageuka arudi kwenye lifti. Lakini alikuwa ameishi nasi vya kutosha kujua kile kiti kilichoachwa wazi ni cha nani. Akaenda akakaa. Watu wakapita kumshika mkono na kumpa pole, naye akawajibu mmoja mmoja kwamba ameshapoa.

Nikasoma. Kila nilipotaja cheo mwenyekiti alitikisa kichwa kukubali. Nikapita kwenye duka la misumari, chuo, vita, Ujerumani, bunge. Nikafika niliposema, "Marehemu atakumbukwa kama mtu ambaye hakuwahi kusema uongo," na Baba Mdogo akacheka.

Hakucheka kwa nguvu, lakini kwenye msiba hata kicheko kidogo kinasikika. Nikaendelea kusoma kwa sababu sikujua la kufanya. Ameacha binti mmoja, wajukuu, na mdogo wake mmoja, mkazi wa Toronto.

"Hapo futa, mwanangu," alisema.

Sikufuta. Nilimwambia kwamba kwenye ugonjwa nimeacha nafasi, na kwamba desturi yetu ni familia ndiyo iseme, na familia hapa ni yeye peke yake. Yalikuwa maneno ya kumsukuma mzee mbele za watu, na niliyasema nikijua. Akainuka.

"Aliugua nini sijui. Nimesoma kwenye mtandao kama ninyi," alisema. "Lakini hapo penye uongo hamkukosea. Kweli hakuwahi kusema uongo. Mimi nalijua hilo kuliko mtu yeyote."

Kisha akatusimulia, kwa Kiswahili chake kilekile cha ubaoni, bila kupandisha sauti. Amri ya kumtaka aripoti jeshini ilikuja wakati kaka yake yuko nyumbani likizo, akiwa kapteni tayari, kidonda cha paja kikiwa bado hakijapona vizuri. Baba yao alitaka aende. Asubuhi moja kapteni akawaambia wazazi kwamba anamtoa mdogo wake kidogo kwa gari, jambo ambalo lilikuwa kweli. Alivaa nguo za kiraia. Hawakuzungumza njia nzima. Karibu na daraja la mpakani alisimamisha gari, akavua koti lake akampa, maana kulikuwa na baridi na yule mdogo alitoka na shati.

"Akaniambia, 'Usiniandikie. Usinipigie. Siku moja wataniuliza ulipo, na mimi nataka nijibu kwamba sijui, na iwe kweli.' Halafu akageuza gari kabla sijakanyaga daraja, ili asione kama nimevuka."

Aliyekuwa akisuuza vyombo kule nyuma alifunga bomba. Nilitazama karatasi yangu. Kuna mistari mizima niliyokuwa nimeisoma kwa sauti nzuri, na sasa niliiona vingine. Kila alipopandishwa cheo lazima waliuliza habari za ndugu zake. Kila mara alijibu sijui alipo, na kila mara alikuwa akisema kweli, na ile kweli ilitunzwa huku Flemingdon Park na mtu mwingine, kwa kunyamaza.

Mwenyekiti alikohoa. Akasema kwa upole kwamba lakini rais wao alikuja kuwasamehe wote waliokimbia, tena zamani sana. Baba Mdogo akakubali.

"Nilisubiri," alisema. "Yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye aliyetoa amri, nikasema yeye ndiye ataifuta. Naye alikuwa anapanda. Nikasema acha afike anakokwenda. Akafika, akastaafu, nikasubiri tena. Nafikiri naye alikuwa ananisubiri mimi. Mwishoni haikuwa hatari tena. Yalikuwa mazoea."

Nililia. Mimi msibani silii, nina karatasi ya kusoma, lakini siku ile nililia kwa huruma na kwa hasira, yote kwa pamoja. Wazee wawili, simu ziko mezani kwao, kila mmoja anamheshimu mwenzake mpaka mmoja anakufa.

Ndipo akaeleza kwa nini hatakwenda. Huko wanamzika mtu wa kusema kweli. Akitokea mdogo mtu na kukaa safu ya mbele, watauliza huyu alivukaje, nani alimpeleka, na wataanza kumpima marehemu upya. Hakutaka hilo. Sisi ametuambia kwa sababu tumekuja na sufuria, na kwa sababu lugha hii hakuna mtu kule atakayeisikia. Naandika haya kwa lugha hiyohiyo, na kwa idhini yake.

Hoja yake ilikuwa imesimama. Aliyejibu ni mwenyekiti, na hakujibu kisajini.

"Mzee, aliyetoa amri ameshaondoka," alisema. "Sasa mkubwa wa familia ni wewe. Na yule aliyekupigia simu, binti wa kaka yako, kwa hesabu zetu sisi ni mtoto wako. Mtoto wako anakwenda kumzika baba yake peke yake."

Baba Mdogo alikaa, akaitazama picha, akaomba chai. Alikunywa yote, na safari hii aliitia sukari. Pilau ilipogawiwa alikula sahani yake akaimaliza. Watu walipoanza kukunja viti aliniita, akaniuliza kama Alhamisi ninaingia kazini.

Tuliondoka Toronto asubuhi, mimi naendesha, yeye akiwa na suti aliyoivaa siku ya Mama Mdogo. Kwenye magoti alikuwa na koti la zamani la kahawia, limekatika vifungo, ambalo sikuwahi kuliona. Darajani hakusema kwamba ndipo hapo, na mimi sikuuliza. Ofisa wa mpakani alitaka kujua tunakwenda kufanya nini. Baba Mdogo akamwambia anakwenda kumzika kaka yake. Ofisa akampa pole, akaturudishia pasipoti.

Binti wa marehemu alikuwa amesimama getini akitazama kila gari. Ana paji la uso la Baba Mdogo kabisa. Alimshika mkono wa kulia na hakuuachia mpaka makaburini. Shughuli ilikuwa fupi na nadhifu: askari vijana, tarumbeta, bendera ikakunjwa ikawa kitu kidogo cha pembe tatu, akakabidhiwa binti. Hakuna aliyeuliza mtu yeyote alivukaje. Walimwita "uncle", wakamwuliza kama safari ilikuwa njema.

Kisha watu wakaanza kuondoka kwenda kunywa kahawa ukumbini, jeneza likiwa bado limeshikiliwa na mikanda juu ya kaburi. Kwao ndivyo inavyofanyika; wachimbaji wanamaliza baadaye, watu wakiwa hawapo. Baba Mdogo hakutoka. Alimwomba mwanawe jeneza literemshwe sasa hivi, yeye akiwapo. Yule binti hakuelewa, lakini alikwenda kusema na wahusika, nao wakaliteremsha.

Alinipa lile koti nimshikie. Akapiga goti taratibu, nikamshika kwapani, akachota udongo kwa mkono mtupu. Uliponguruma kule chini, binti naye akainama akachota wake. Baba Mdogo alibaki ameinama vilevile, mkono bado umefunguka, akaongea kuelekea ndani ya kaburi kwa lugha yao wawili, polepole, kama mtu anayetoa anwani.

"Niko Toronto, kaka," alisema. "Siku zote nilikuwa Toronto."